Mkate, kiatu na uma: vita ndani ya picha isiyo na mtu hata mmoja

#1 BrashiYaBombo (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za leo. Nafundisha sanaa sekondari hapa Uganda, na muhula huu niliwapa wanafunzi wa S5 (kidato cha tano) kazi moja: choreni vita. Wakaleta bunduki, kifaru, helikopta, mama analia mikono kichwani. Mikono yao mizuri, siwezi kuwalaumu, lakini nilipozibandika ukutani nikaona ni picha ileile imerudiwa ukuta mzima. Nikawaambia haya, sasa choreni vita bila mtu na bila silaha, kwa vitu vya mezani tu. Wakacheka. Kwao picha ya vitu tuli ni ile ya mtihani wa taifa wa UNEB: sufuria, nanasi, jerikeni na kitambaa kilichokunjwa, unatia vivuli, unapata maksi zako, unaenda zako.

Ndiyo sababu naileta mada hapa. Mimi nasema picha ya vitu tuli inaweza kuubeba uchungu wa vita, na wakati mwingine inaubeba vizuri kuliko picha ya mapigano.

Nianze na ninayoipenda kuliko zote. Joan Miró alikuwa Mkatalani wa Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza huko mwaka 1936, na mwisho wa mwaka huo yeye alikuwa Paris, nyumbani hakurudiki, na kazi nyingi alizokuwa hajazimaliza zimebaki Barcelona. Tarehe 24 Januari 1937 akaanza kuchora vitu vinne: tofaa lililochomwa uma, chupa ya jin iliyoviringishwa karatasi na kufungwa kamba, kipande cha mkate, na kiatu kikuukuu. Alimaliza tarehe 29 Mei. Hapo katikati, tarehe 26 Aprili, ndege za Ujerumani na Italia zilizokuwa upande wa Franco, jenerali aliyeiasi serikali, ziliubomoa mji wa Guernica. Picasso akachora turubai yake kubwa kuhusu mji huo, ile inayojulikana na kila mtu. Miró aliendelea na kiatu.

Itafuteni kwenye simu, ya asili iko New York. Upana wake haufiki mita moja na robo. Uangalieni uma. Haukulazwa kando ya tofaa kama uma unaosubiri mlaji, meno yake yamezama ndani. Halafu rangi: manjano kali, kijani, nyekundu, na weusi unaotambaa kati ya kitu na kitu. Huoni meza inaishia wapi. Taa hakuna, dirisha hakuna, ila kila kitu kinang'aa kana kwamba upande wa pili wa chumba kuna kitu kinaungua. Hicho ni chakula cha mtu maskini, na mwenye kiatu hayupo.

Nawasikiliza.

#2 Katwe_Mjuzi

Mwalimu, kwa heshima zote, hayo ni mambo ya watu waliokaa Paris wakinywa kahawa. Sisi vita vimetupitia mgongoni. Ukitaka kuonyesha vita, chora vita. Hilo tofaa lenye uma nikilitundika sebuleni, mgeni ataniuliza kama nimefungua hoteli.

#3 Nalongo_wa_Jinja

😂😂 Nimekaa hapa nasoma, endeleeni.

#4 DadaWaGulu

Katwe umenichekesha, lakini ngoja kwanza.

Mimi nimekulia kambini. Huku Acholi, kaskazini mwa nchi, watu walianza kusukumwa kwenye kambi mwaka 1996, na vita vya waasi wa LRA vilipofika kileleni waliohamishwa makwao kaskazini walikuwa karibu milioni 1.8. Unajua ni kitu gani kinanirudisha kule? Bunduki hapana, bunduki tuliziona mpaka macho yakazizoea. Ni debe la mafuta ya msaada. Mafuta yakiisha, bati halitupwi. Lilikatwa likanyooshwa likawa mlango. Vipande vidogo vikawa tadooba (taa za koroboi), na debe zima likawa kipimo cha maharage, mama mmoja anajaza na mwingine anamchunga asijaze vibaya. Maandishi ya wafadhili yalibaki palepale mlangoni, kichwa chini miguu juu.

Mtu akichora debe lile limekaa peke yake, nitalia kabla sijajua nalia nini. Ila nakubali, mtu wa Mbarara kule kusini-magharibi ataona debe tu. Hapo mwalimu utusaidie.

#5 BrashiYaBombo

DadaWaGulu umegusa penyewe. Mtu wa Mbarara ataona debe tu kama mchoraji naye ameona debe tu.

Kuna watu wanafundisha picha za namna hii kwa orodha: fuvu ni kifo, mshumaa ni uhai, ua lililonyauka ni uzee, funga daftari. Mimi orodha hiyo hainisaidii. Uchungu uko kwenye jinsi kitu kilivyowekwa na kilivyopakwa.

Mfano Picasso. Alibaki Paris miaka yote ya Wajerumani, 1940 hadi 1944, na hakuchora askari wala vifaru. Baadaye alieleza kwamba hakuvichora vita kwa sababu yeye si mtu wa kwenda kutafuta habari kama mpiga picha, lakini hakuwa na shaka kwamba vita vimo katika picha zake za wakati ule. Vimo wapi? Machi 1942 alifariki rafiki yake Julio González, mchongaji. Mwezi uliofuata Picasso akachora fuvu la fahali juu ya meza, mbele ya dirisha lililofungwa. Iko Düsseldorf, Ujerumani. Fuvu liacheni kwanza, lile mtoto yeyote analielewa. Tazameni dirisha: mbao zake zinakatana msalaba, na nje ni giza tupu. Kisha pembe. Kila umbo limechongoka, jicho halina mahali pa kupumzika. Ni chumba ambacho mtu amejifungia, na hewa imeanza kwisha.

Februari 1945 akachora mtungi, mshumaa unaowaka na sufuria ya enameli. Basi, hakuna kingine. Pierre Daix, rafiki yake aliyeandika habari zake, alisimulia kwamba Picasso alimwambia hata sufuria inaweza kupiga ukelele.

Na kipindi hichohicho alikuwa na turubai nyingine, karibu mita mbili kwa mbili na nusu, nyeusi, nyeupe na kijivu. Familia imeuawa, miili imerundikana chini ya meza. Juu ya meza kuna mtungi na sufuria. Chini amejaza kijivu na weusi. Mtungi na sufuria ameviacha mistari mitupu ya mkaa, hakuvipaka. Hapo ndipo picha ile inaponishika koo. Macho yanakimbia miili, yanapanda mezani kutafuta pa kutua, na mezani nako kumeachwa hivyohivyo.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nawapa maelekezo ya mkono. Sogeza kikombe hadi ukingoni, nusu ya kitako iwe hewani. Mwanga utoke chini, ubavuni. Kivuli kirefu kuliko mwenye kivuli. Ondoa kitambaa cha maua. Na kama sahani zilikuwa tatu, chora mbili, halafu ile ya tatu uiachie duara lake safi kwenye vumbi la meza.

#6 Katwe_Mjuzi

Hilo la duara kwenye vumbi nimelipenda, sidanganyi. Tofaa bado.

#7 Mzee_Kagwa

Vijana, mimi ni mtu wa Luweero, kule vita vya msituni vilikopiganwa miaka ya themanini. Kiswahili nilikipata kwenye vizuizi vya barabarani miaka ile, kwa hiyo sarufi mnisamehe.

Mnazungumzia fuvu juu ya meza. Sisi baada ya 1986 tuliyaona. Watu walipokuwa wakirudi mashambani waliyaokota kwenye vichaka na migombani, wakayapanga kando ya barabara juu ya meza na mbao ili kila apitaye aone yaliyotupata. Aliyepanga hakuwa mchoraji, lakini aliyapanga kwa safu, makubwa nyuma na madogo mbele. Nimelifikiria sana jambo hilo la madogo mbele. Baadaye yalizikwa pamoja.

Miaka mingi ikapita, mwanangu akaniletea kitabu cha picha za Waholanzi wa miaka ya 1600. Fuvu, saa ya mchanga, mshumaa uliozimika moshi ukiwa bado unapanda. Akaniambia maana yake ni kumbuka utakufa. Nilishangaa jinsi watu hao walivyo watulivu! Fuvu moja, safi, limepigwa mwanga wa dirishani, na kando yake glasi ya mvinyo. Na wao pia walikuwa na vita, walipigana na Hispania hadi 1648. Kwetu fuvu halikumkumbusha mtu kwamba atakufa, maana hilo alikuwa analijua. Mtu alisimama pale akijiuliza ni la nani.

Anayetaka kuona vita bila maelezo aende Chuo Kikuu cha Makerere, maktaba kuu, amwone yule Mhanga wa Vita wa Francis Nnaggenda aliyechongwa kwenye gogo la mti. Mwili uliopungukiwa, bado umesimama. Hizo sufuria zenu naendelea kuzisikiliza.

#8 BrashiYaBombo

Mzee Kagwa, shikamoo. Hayo madogo mbele ni mpangilio wa vitu tuli tayari, na aliyeufanya hakwenda shule yoyote ya sanaa. Kuhusu Nnaggenda sina ubishi. Hata hivyo gogo lile nalo ukilitazama kwa karibu utaona hakuulazimisha mti, nyufa zake ameziacha ziwe majeraha.

#9 BinamuWaGaba

Jamani mnamsahauje Goya?

Alikuwa Madrid jeshi la Napoleon lilipoingia Hispania mwaka 1808. Wengi wanamjua kwa chapa zake za maafa ya vita, ambazo hazikutolewa hadi 1863 wakati yeye alishakufa tangu 1828. Lakini miaka ileile ya vita alikuwa nyumbani anachora vyakula. Mojawapo iko Louvre: kichwa cha kondoo na mbavu vipande viwili, na jina lake ameliandika kwa nyekundu chini ya kichwa hicho, pale ambapo damu ingedondokea. Nyingine iko Houston, Marekani. Samaki wametupwa ufukweni usiku, mmoja juu ya mwenzake, macho makubwa ya mviringo yanang'aa gizani. Hakuna sahani, hakuna kisu wala limau. Ukiwatazama huwezi kusema wamevuliwa ili waliwe.

Mimi picha hiyo siitazami muda mrefu, na sababu yake ni ya hapahapa. Nyumbani kwetu tulikula kwa samaki, baba alikuwa anachukua mzigo soko la samaki la Gaba, Kampala. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kule Rwanda, miili ilitupwa mitoni, ikashuka na mto Kagera mpaka ziwa Victoria, upande wetu. Wavuvi na wanavijiji waliiopoa. Ilizikwa Kasensero, Lambu na Ggolo, na waliolala katika sehemu hizo tatu wanapita 10,000.

Watu wakaacha kula samaki. Hebu fikirini sangara mnene, mbichi, magamba yanameta, amelazwa kwenye ubao wa soko na hakuna mkono unaomgusa. Bei inashuka kila saa na bado hakuna. Wachache waliothubutu kununua walimtaka mama ampasue palepale, wakasimama wanaangalia kitakachotoka tumboni. Mama alikuwa anapasua huku ameangalia pembeni. Inzi, ubao ulioloa, kisu, samaki aliyefunguka. Kwa mwaka ule mtu angechora hayo tu, na kila mtu kuanzia Rakai hadi Jinja angejua anaonyeshwa nini. Panga angelichora la kazi gani?

Nyumbani tulikula maharage mpaka mwaka ukaisha. Sijawahi kumsikia baba akilisema jambo hilo kwa mdomo wake.

#10 Nalongo_wa_Jinja

Mungu wangu. Nakumbuka. Marehemu bibi alikataa hata dagaa.

#11 Katwe_Mjuzi

Binamu, pole. Hapo sina utani.

Ila swali langu limezidi kukua. Kijana aliyezaliwa 2005 akimwona samaki huyo ukutani ataona chakula cha mchana. Picha ya mtu aliyeuawa haihitaji kumbukumbu ya mtu. Ya samaki inahitaji. Wote wanaokumbuka wakifa je?

#12 BrashiYaBombo

Swali zuri, na jibu langu lina sehemu mbili ambazo hazilingani uzito.

Ndogo ni jina. Miró aliita picha yake kwa kiatu chake tu, lakini 1937 iko pale na mwaka huo unafanya kazi kubwa. Andika chini ya picha: Samaki, Gaba, 1994. Kijana wa 2005 atauliza kulikuwa na nini Gaba. Tarehe na mahali ni sehemu ya picha, mchoraji asione haya kuvitumia. (Kwa bahati tu, 1937 ndio mwaka Margaret Trowell alipoanzisha masomo ya sanaa Makerere. Wakati Miró anadidimiza uma kwenye tofaa, hapa kwetu watu walikuwa ndio kwanza wanapewa karatasi.)

Kubwa ni hii. Wale samaki wa Goya hawakunihitaji nijue habari za Napoleon ili nisikie vibaya. Niliwaona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, kwenye kitabu kilichokatika jalada, sijui lolote. Nilichoona ni viumbe waliorundikwa na mtu ambaye hakujali wameangukaje, na bado wanatazama. Ukilaza samaki kwenye sahani kichwa kushoto na mkia kulia, hicho ni chakula. Ukimrusha juu ya mwenzake, macho yakaelekea kwa mtazamaji, mtu yeyote atasogea nyuma kidogo, awe anajua au hajui. Historia ikija baadaye inakuta mwili umeshaelewa.

Na Katwe, picha ya mtu aliyeuawa nayo inachakaa. Magazeti yametuonyesha wangapi? Tunafungua ukurasa wa michezo.

#13 MchoraNakivale

Jambo kwenu wakubwa zangu. Mimi ni mchoraji, natoka Kivu ya Kaskazini, Kongo, niko makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nimefuata uzi huu kimya tangu juzi. Nina kazi mkononi, naomba mnikosoe bila huruma.

Nachora kwa akriliki juu ya lubugo (kitambaa cha gome la mti). Kuna boksi la sabuni lililogeuzwa kuwa meza, na juu yake bidoni (jerikeni) ya manjano, kandambili mguu mmoja, ufunguo wa nyumba, na ganda la risasi limesimama. Nyuma ya vitu nimepaka anga la buluu iliyoiva. Watu hapa wananiambia ni nzuri, lakini mimi naiona inasema sana.

#14 BrashiYaBombo

Kaka, karibu. Umeomba bila huruma, haya.

Buluu ifute. Umepata lubugo halafu unalifunika? Kwa Baganda hilo ndilo wanalofungiwa wafu wao, ukitundika picha yako Kampala watu watalisoma kabla ya bidoni. Acha gome lenyewe liwe ukuta. Tafuta kipande chenye kiraka, pale fundi alipoziba tundu kwa uzi, na vitu vyako viweke chini kidogo ya mshono huo. Rangi yake ya udongo itaifanya ile manjano iumize macho, na nadhani unataka iumize.

Ufunguo usikae katikati. Mkimbizi na ufunguo wake wamechorwa mno, mtazamaji anaukubali haraka na kupita. Utie ndani ya kandambili, nusu uonekane. Hapo mtu atauliza kwa nini uko huko, nawe humjibu.

Ganda la risasi toa kabisa. Linatangaza vita kabla sijafika kwenye ule mguu mmoja.

#15 DadaWaGulu

Mwalimu, hapo nakupinga. Ganda libaki.

Wewe unaliona kama kitu cha vita kwa sababu ulilikuta limeshakuwa habari. Kwetu lilikuwa kitu cha uani. Mdogo wangu alikuwa na lake, anaweka mdomoni analipuliza linalia filimbi, mama anamwambia acha kelele hizo. Alilitoboa akalifunga kamba akavaa shingoni. Lilikuwa na thamani kwake kuliko kandambili. Ukilitoa unachora vita vya mtu mwingine.

#16 MchoraNakivale

Dada umesema kweli. Kwetu pia watoto wanayakusanya, wanabadilishana kwa vizibo vya soda.

#17 BrashiYaBombo

Basi lichorwe la mtoto. Lilale ubavu, limekwaruzwa, liwe na tundu na kipande cha kamba, rangi ya shaba iliyofifia kwa jasho. Mng'aro wote upewe bidoni. Likisimama wima linameta, kwangu ni tangazo la jeshi, na hapo sisogei.

#18 Mzee_Kagwa

Mwalimu amesema vema, na dada amesema vema zaidi. Kijana, lile la filimbi ndilo lilinigeuza mimi kuhusu sufuria zenu. Lilaze karibu na mdomo wa bidoni, si karibu na ufunguo.

#19 MchoraNakivale

Mzee asante sana, nitalijaribu leo usiku umeme ukiwepo. Nitaanza upya kwenye lubugo lingine, hili la buluu nitalifanyia kitu kingine. Shida ni rangi. Nyeupe imeniishia na huku hazipatikani. Kuna mtu anayetoka Kampala kuja Mbarara wiki hii?

#20 Katwe_Mjuzi

Shemeji yangu ni dereva wa basi la Mbarara, anaondoka Ijumaa asubuhi. Nitumie namba kwa ujumbe wa faragha. Nyeupe tu, au na manjano ya hiyo bidoni?

#21 MchoraNakivale

Manjano ninayo. Nyeupe moja na nyeusi moja, zile tyubu kubwa. Mungu akubariki kaka.

#22 Katwe_Mjuzi

Poa. Lakini ukimaliza picha iweke hapa kwanza kabla hujaiuza, nataka kuona huo ufunguo ulivyokaa.